Kadi Aliyonyimwa Tata Wangari

Nakumbuka alasiri moja ya ukungu kule kwetu Skuta, karibu na mji wa Nyeri, mwanangu. Nimezurura sana tangu hapo. Nimepakia nyanya Kagio, nimepanga vyumba Kenol, nimehama kila nilipochoka, lakini hofu ya siku ile haijanipotea njiani. Nakusimulia kwa sababu nasikia umeajiriwa hapo Nyeri mjini kuchangisha fedha za wagonjwa, na sasa nawe unakaa kwenye meza inayoamua nani aitwe na nani aachwe.

Nyambura, mtoto wa dada yangu, alikuwa na tundu kwenye moyo. Daktari alisema asipopasuliwa upesi hatauona mwaka mpya. Tukaita kamati ya harambee nyumbani. Mwenyekiti alikuwa Mzee Gathogo, mtu mkarimu kweli, nisimsingizie. Alikuwa anagawa kadi za mchango, zile ambazo mtu huenda nazo akawaombe watu wake. Akampa mwenye gari, akampa mwalimu mkuu, akawapa wazee wa kanisa. Akampa pia Bwana Kanti, Mhindi wa duka la vitambaa, aliyekalishwa karibu na mlango kama mgeni.

Tata Wangari, dada ya baba, anayetembea kwa magongo, akanyoosha mkono naye apewe. Mzee akatabasamu.

"Tata, wewe ni wa kuchangiwa, si wa kuchangisha."

Watu wakacheka. Mimi nikatazama sakafu. Niliogopa kwamba mzee akiudhika ataondoka na marafiki zake wote, na kutoka chumba cha pili nilimsikia mtoto akivuta pumzi kama mtu anayepanda mlima.

Bwana Kanti akainuka, akairudisha kadi yake mezani. "Basi chukua na hii, mzee. Miaka yote mnaniita nitoe. Hamjawahi kuniita tupange."

Nikajua tumempoteza Nyambura.

Ni cucu, nyanya yangu, aliyezichukua kadi zilizobaki na kuzitandaza mezani. "Huyu mtoto ako na haraka," akasema. "Anayetaka kumwombea, achukue."

Tata akachukua ya kwanza. Bwana Kanti akaichukua yake tena. Mzee Gathogo akavaa kofia akatoka, wengine nyuma yake, na mlango ukafungwa polepole. Majuma yaliyofuata niliuota mlango ule.

Siku ya harambee walikuja watu wa hekalu la kina Kanti. Wakaja wenzake Tata, wenye magongo na wasioona, watu ambao hakuna aliyewahi kuwaomba chochote. Hata Mzee Gathogo alikuja, akaketi nyuma. Fedha zilitosha kwa shida. Leo Nyambura ana mtoto wake.

Mwanangu, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na kuomba pia ni moyo. Usimpime mtu kwa miguu yake, jina lake wala kanisa lake. Unayemwita atoe, mwite pia mpange. Unayemsaidia, muulize kama angependa kusaidia. Na mwenzako akichekwa mezani, usitazame sakafu, kwa maana katika chumba cha pili kuna mtu anayehesabu pumzi zake akiwategemea ninyi.

Mungu akupe meza pana na ulimi usioogopa, na mlango wako usijifunge nyuma ya mtu uliyemhitaji.