Kawa la Khatib

Ndugu yangu Khatib hafunikiwi tena chakula. Nataka watu wajue kwa nini, maana kila nikipita bandarini Mkoani nikaliona lile bango, damu inanichemka, na kunyamaza kumenishinda.

Khatib alikuwa mchukuzi katika bandari ya Wesha, hapa Pemba. Tangu hajaota ndevu amebeba saruji, mchele, sukari, na kila ambacho watu wa Chake wamekula au kujengea nyumba. Mzaha anao, na ulimi pia, hasa akikaa kula. Mkewe, wifi yangu Zulekha, akishapika mchana alikuwa akiwapa watoto chakula chao, kisha sahani ya Khatib akiiweka mezani na kuifunika kwa kawa. Kwa asiyelijua, kawa ni kifuniko cha ukili, yaani utepe wa minyaa iliyosukwa, kipana chini na kimechongoka juu. Kwetu Tibirinzi hakuna nyumba isiyokuwa nalo, na chakula kilicho chini ya kawa hakiguswi hata mtoto alie vipi. Ni cha mtu aliyetoka, na mtu huyo anangojwa.

Mwaka juzi Khatib aliteleza kwenye ubao wa kushukia chomboni na mfuko wa saruji begani, akaumia kiuno. Daktari akamkataza kubeba hata ndoo ya maji. Akakaa nyumbani. Mchana alikula na watoto, kichwa chini, hasemi na mtu. Mimi dada yake nilimwonea huruma, na yeye huruma haitaki.

Asubuhi moja akaamka, akavaa shati lake la kazi, akaenda Wesha kwa miguu. Kubeba hawezi, kwa hiyo alikaa na wenzake kwenye benchi, akatazama vyombo vikipakuliwa, akawatania, akarudi baada ya adhuhuri. Siku hiyo Zulekha alimfunikia chakula chake. Khatib akanawa mikono, akalifunua kawa, akaonja, akalalamika kuwa samaki kapungua chumvi. Kulalamikia chumvi ndiyo tabia yake ya siku za kazi. Nilikuwepo, na nilimwona Zulekha akigeukia jikoni ili tusimwone uso.

Basi ikawa ndiyo kawaida. Sote tulijua kuwa Wesha hana kazi, na sote tulijua kuwa hilo halisemwi.

Binti yao Ruweida alipomaliza skuli akapata nafasi ya kusomea uuguzi Unguja. Nafasi ilikuwepo, ada haikuwepo. Hapo ndipo likaja lile shindano. Kampuni moja ya hoteli ilitangaza kuwa kijana atakayebuni kitu kizuri kuliko wote kwa ukili atalipiwa chuo mpaka amalize. Vijana wakachangamka. Mmoja akashona mkoba wa kompyuta, mwingine taa ya kuning'iniza, na yuko aliyeshona gauni zima la harusi, sijui bibi harusi angekaa vipi ndani ya ule mkeka.

Ruweida alishona kawa. Ukili alisuka mwembamba kama utepe, akautia rangi ya zambarau na nyekundu, akaupanga hivi kwamba ukilitazama kawa kutoka juu unaona mawimbi yanazunguka mpaka kileleni. Nimesuka ukili umri wangu wote na kitu kile sijapata kukiona. Alilishona kwa ajili ya baba yake, na Khatib alipoliona akawa analigeuza mikononi.

Sasa msikilizeni Abdulnasir. Huyu alikuwa wa kamati ya shindano, kijana wa hapa hapa, mama yake namjua. Alimwita Ruweida akamwambia kazi yake nzuri, lakini uzuri peke yake haushindi, wafadhili wanataka hadithi ya maisha. Kawa hili ni la nani? Mtoto wa watu, bila ya kufikiri, akamweleza. Abdulnasir akaruka kwenye kiti. Akamwambia hiyo hiyo ndiyo aiseme, na atie huzuni kidogo. Ruweida akasema baba yake atakuwepo ukumbini. Akajibiwa achague, aibu au chuo. Hivyo ndivyo alivyoambiwa, msichana wa miaka kumi na tisa, na mtu aliyesoma.

Siku ya siku tulikwenda sote. Khatib alivaa kanzu nyeupe na kofia aliyoifua mwenyewe, akakalishwa mbele kama mzazi. Ruweida akapanda jukwaani, akasema kwa Kiswahili cha skuli:

"Kawa hili ni la baba yangu. Baba hana kazi tena. Kila siku hutoka akaenda kukaa tu bandarini, na mama humfunikia chakula kama mtu aliye kazini, ili asione haya."

Wapo waliofuta machozi. Wachukuzi wawili wa Wesha walikuwa wamesimama mlangoni, nikawaona wakitazamana. Khatib alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Kisha mgeni rasmi, mkurugenzi wa hoteli, akainuka kwenda kumpongeza. Huyu mtu wa mbali, simlaumu sana. Akalichukua kawa, akaligeuza huku na huku, akalivaa kichwani. Akadhani kofia! Watu wakacheka, picha zikapigwa. Kwenye meza ile ya mbele walikuwepo wenyeji kadhaa, wote wamelelewa kwa chakula kilichotoka chini ya kawa, na hakuna hata mmoja aliyemshika mkono mgeni akamwambia hiki hakivaliwi. Walicheka naye. Abdulnasir ndiye aliyecheka kuliko wote, akalichukua na kumvika Ruweida juu ya mtandio wake, akamwambia atabasamu.

Akatangazwa mshindi. Watu wakapiga makofi, na Khatib naye akapiga, maana ndiye baba wa mshindi na watu walikuwa wanamtazama. Kawa likabaki na kampuni, ndiyo sharti lao. Picha ile ya Ruweida na kawa kichwani ndiyo waliyoitia kwenye bango la Mkoani, na kila anayeshuka kwenye meli anaiona kabla hajaiona Pemba.

Mimi sikuweza kulala na hasira ile. Nilimfuata Abdulnasir ofisini kwake. Akanipa kiti, akaniita Bi Mwanamize kwa adabu zote, akaniuliza kosa liko wapi.

"Lakini si kashinda?" akasema. "Si anasoma?"

"Nyumbani kwenu," nikamuuliza, "kawa mlikuwa mkilivaa?"

Akatazama simu yake. Nikaondoka bila ya kuaga, na mpaka leo salamu yake naijibu kwa sababu ya dini tu.

Maana alilosema ni la kweli, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Ruweida yuko chuoni, anasoma vizuri, atakuwa muuguzi inshallah. Lakini hakuna aliyeniambia kwa nini mtoto wa maskini hawezi kusoma mpaka kwanza amvue baba yake nguo mbele ya watu.

Siku ya pili baada ya shindano Khatib hakwenda Wesha. Wala siku iliyofuata. Shati la kazi alimpa jirani. Zulekha alijaribu kumfunikia kwa kawa la zamani, Khatib akaliondoa, akala na watoto.

Likizo iliyopita Ruweida alirudi na kawa jipya. Alilisuka bwenini, rangi zile zile, mawimbi yale yale. Nilikuwa nimewatembelea. Mchana akapakua wali na samaki, akavifunika, akasimama mlangoni pa chumba.

"Baba, njoo ule. Nshakufunikia."

Khatib akatoka. Akapitisha kidole kwenye mawimbi ya kawa, akaliinua kwa mikono miwili, akamrudishia binti yake.

"Kazi yako nzuri, mwanangu," akamwambia. "Lakini hili mfunikie ntu aliyetoka. Mie n'po."

Ruweida akakaa chini na kawa lake mapajani. Baba yake akanawa, akala chakula chote, na hakusema kuwa samaki kapungua chumvi.