Mjapani wa Shangazi Asteria

Shangazi yangu Asteria anafuga nyuki katika msitu ulio upande wa machweo wa kijiji chetu, huku Ushetu. Mizinga yake ameitundika kwenye miti ya miyombo na mitundu, mbali kiasi kwamba zamani, alipokuwa akienda kwa miguu, alitoka nyumbani umande ukiwa bado kwenye majani na kufika jua likiwa limeshapanda juu ya miti. Alirudi na ndoo kichwani, asali ikimchuruzika shingoni, na nyuki wachache waliokataa kuachana naye wakimsindikiza mpaka kwenye mashamba ya tumbaku.

Pikipiki aliipata kwa padri aliyekuwa anahamishiwa parokia nyingine. Ilikuwa ya Kijapani, ya kijani kilichopauka, na tangi lake lilikuwa limebonyea ubavuni kama shavu la mtu asiye na meno. Kijijini wakaiita Mjapani, na jina likashika. Shangazi alijifunza kuiendesha kwenye uwanja wa shule wakati wa likizo, suruali ndani na kitenge juu, na wanawake waliokuwa wakienda kisimani walisimama na madumu yao kumtazama.

Huwa anasimulia siku ya kwanza alipoingia nayo msituni peke yake. Alipozima injini, mlio wa nyuki uliupokea ule wake, laini zaidi, ukitoka juu ya miti, na hakuweza kusema mmoja uliishia wapi na mwingine ulianzia wapi. Alibaki amekaa kwenye kiti, mikono bado kwenye usukani, kama mtu aliyeamshwa nusu. Anasema alisahau kabisa kwamba alikwenda kurina asali. Mwanga ulikuwa unashuka kati ya majani, nyuki wanapita ndani yake, na yeye alijiona mwepesi, hana mzigo wala umri.

Mimi niliishi kwake baada ya kumaliza shule, nikimsaidia kukamua na kuchuja. Kwa hiyo nilikuwepo siku ya ule mkutano.

Kikundi cha wafuga nyuki kilikuwa kimekutana nje ya ghala la ushirika. Jambo lililotukusanya lilikuwa asali ya madukani Kahama. Wenye maduka walikuwa wameanza kuuza asali kutoka nje ya nchi, ya chupa za plastiki zenye picha ya dubu, mnyama ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona. Shangazi alisimama akaongea vizuri. Alisema asali yetu ina harufu ya miti tunayoijua kwa majina, na haifai ikae nyuma ya mlango huku ya mgeni imepangwa mbele. Alisema twende kwa wenye maduka kwa heshima tuwaombe, lakini kwanza sisi wenyewe tuanze kupenda vya kwetu. Watu walipiga makofi.

Makofi yalipotulia, Mzee Mayala aliinuka.

Mzee Mayala ni fundi wa mikokoteni ya ng'ombe. Ana banda lake la mabati njia ya kwenda kanisani, na humo hupasua mbao, hufua vyuma, na hutoa mkokoteni mzima bila kununua kitu kipya dukani. Alikuwa rika moja na marehemu babu yangu, na shangazi humwita baba.

"Mwangaluka, mayu," alisema, akimwamkia kwa Kisukuma na kumwita mama.

"Mwangaluka, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Umesema vizuri, na mimi nimekupigia makofi. Lakini sijui kuzungukazunguka. Unatuambia tupende vya kwetu, na hapa umekuja umepanda Mjapani." Alinyoosha mkono kuelekea pikipiki iliyoegeshwa ukutani. "Ng'ombe tunao. Mikokoteni natengeneza. Kwa nini asali yetu isafiri kwenye mgongo wa chuma cha watu?"

Wengine walicheka. Mtu wa nyuma akasema, "Mwambie, mzee!" Mimi uso uliniwaka moto. Nilitaka kusimama niulize koti alilovaa mzee limeshonwa nchi gani, na simu iliyotuna mfukoni mwake imetoka wapi. Shangazi aliniwekea mkono begani kabla sijafungua mdomo.

"Asante, baba," alisema. "Umesema kweli. Pikipiki ile si ya hapa, na siwezi kusimama mbele ya watu niseme ni ya hapa. Ningepata iliyotengenezwa Shinyanga ningeipanda leo leo, na wewe ningekuja kukuonyesha wa kwanza. Mkokoteni wako naujua, ndio uliotubebea mahindi nikiwa mtoto. Lakini njia ya kwenye mizinga yangu ni nyembamba. Mkokoteni hauwezi kupita bila kukata miti, na nikikata miti, nyuki watakula nini? Sina jibu zuri kuliko hilo. Ila nina ombi."

"Ombi gani?"

"Masega yananivunjikia njiani. Ndoo zinagongana kwenye keria, nikifika nyumbani yamekuwa uji. Nakuomba uniundie kitu cha kufunga nyuma ya Mjapani, cha mbao za hapa na mikono yako, kitakachopita njia ile. Na kabla hujaanza, twende ukaione njia yenyewe."

"Mimi? Nipande lile?"

Watu walicheka tena, na safari hii hawakuwa wanamcheka shangazi. Mzee alitikisa kichwa, akakaa, na mkutano ukaendelea na mengine.

Njiani kurudi nyumbani nilimlalamikia. Kwa nini hakumjibu kama alivyostahili? Shangazi aliendesha mpaka tukavuka mtaro, akasema bila kugeuka, "Yule mzee hakutaka kuniaibisha. Hukusikia sauti yake? Kuna kitu kinamuuma. Mtu anayeumwa, ukishindana naye, utashinda nini?"

Zilipita wiki. Wakati huo wa mwaka, kabla ya mvua, miyombo hutoa majani mapya, na majani hayo hayaanzi na kijani. Huanza yakiwa mekundu, ya rangi ya shaba, na msitu mzima huonekana kwa mbali kama kitu kinachowaka bila moshi. Asubuhi moja tulimkuta Mzee Mayala amesimama uani. Alikuwa amevaa koti la kanisani na kofia, na fimbo na kamba mkononi.

"Tunakwenda au hatuendi?" aliuliza.

 Shangazi alifuta kiti cha Mjapani kwa khanga yake, akaiwasha.

Yaliyotokea msituni nimeyapata kwake. Anasema mzee alimshika mabega kama mtu anayevuka mto, na mwanzoni alifumba macho kabisa. "Pole pole, mayu," alirudia. "Pole pole ndiyo hii, baba," alimjibu. Walipita mashamba yaliyolimwa yakisubiri mvua, wakapita vitalu vya tumbaku vilivyofunikwa kwa nyasi, ukungu ukiwa umelala chini kiasi cha magoti, na Mjapani akawa kama anaogelea. Hapo ndipo shangazi aliposikia kitu mgongoni kwake. Mzee alikuwa anaimba. Ulikuwa wimbo wa kulimia wa vijana wa zamani, aliuimba kwa kupumua tu, bila maneno, na injini ikawa inamwitikia.

Kwenye mizinga, shangazi alizima. Kimya kiliwafunika, halafu nyuki wakasikika. Mzee alishuka, akavua kofia, akatazama juu kwenye majani mekundu. Alisimama hivyo muda mrefu, mdomo wazi kidogo.

"Nilipokuwa kijana nilikuwa naogopa kuja huku," alisema. "Nikakimbilia Dar es Salaam."

Akamsimulia. Alifanya kazi katika kiwanda cha majembe. Chuma kilitoka tanuruni chekundu, kikapigwa na mashine kubwa kuliko nyumba, na kila jembe lilipigwa muhuri wenye jina la nchi yetu. Siku moja alipokuja likizo alikuta baba yake analima kwa jembe lile, akalishika, akaligeuza, akauona muhuri. Alilala usiku ule na furaha ambayo hakuweza kumweleza mtu. Kisha kiwanda kikaanza kukosa chuma, kikakosa vipuri, kikafungwa. Waliambiwa wasubiri. Walisubiri nje ya geti, wengine wakaondoka, na yeye akabaki na wachache, mpaka nyasi zikaota kwenye njia ya malori.

"Nikiona kitu cha nje kizuri, mayu, sikichukii," alisema. "Nasikia tu lile geti."

 Shangazi alisema "Pole, baba," akawasha bomba lake la kufukizia nyuki moshi, akafungua mzinga wa karibu, akamkatia pande la sega. Walikaa juu ya gogo wakatafuna nta, na asali iliwatiririka mikononi. Baada ya hapo mzee alichukua fimbo na kamba akaanza kupima njia, upana wake na kona zake, akiinama kwenye kila mzizi.

Kiteteki cha kwanza alichotengeneza, kwani hivyo ndivyo alivyokiita mwenyewe kwa jinsi kilivyotetemeka, kilikuwa cha mbao za mninga juu ya gurudumu moja la baiskeli. Kilikuwa kizuri mno hata shangazi alisita kukipaka asali. Kilifika msituni salama. Wakati wa kurudi kiligonga mzizi, gurudumu likajikunja, na masega yote yakamwagika mchangani.

Shangazi alikimbia, kwa sababu nyuki walikuja papo hapo. Alikaa mbali kwenye kichuguu akatazama. Kwanza alitaka kulia. Asali ilikuwa imesambaa njiani, jua limeipata, inang'aa kama kioo kilichoyeyuka. Nyuki walitua juu yake, wakatua juu ya mbao, wakapanda kwenye Mjapani mpaka tangi na usukani vikafunikwa, na pikipiki ikaonekana kama mnyama mwenye manyoya anayepumua usingizini. Shangazi anasema alisahau hasara. Alikaa pale mpaka jua likapoa na nyuki wakaondoka mmoja mmoja, wameshiba.

Tulikwenda wote wawili kumweleza mzee, tukiwa na hofu. Alisikiliza, kichwa kimeinama juu ya randa.

"Kwa hiyo nyuki wamekula kazi yangu," alisema.

"Wameila, baba. Nisamehe."

"Na wameifurahia?"

"Sana."

Hapo alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta wa mabati, na banda zima likatetemeka naye. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo.

Cha pili alikifanya kirefu na chembamba, juu ya gurudumu la toroli, na ndani alisuka vitanda vya kamba ili ndoo zining'inie badala ya kukaa. Hicho kilipita. Masega yalifika nyumbani mazima, na tulipoyafungua jikoni harufu ya msitu iliingia mpaka vyumbani. Mwenye duka mmoja Kahama alikubali kuweka asali yetu kwenye rafu yake, karibu na yule dubu. Wafuga nyuki wengine walikuja kwa Mzee Mayala kutaka vya kwao, na kwenye mikutano bado husimama kuuliza lini nchi hii itatengeneza pikipiki yake. Shangazi humjibu, "Hata mimi nangoja, baba," na huwa anamaanisha.

Mwaka uliofuata, mahindi yalipokwisha kuvunwa, mzee alikuja jioni moja akazunguka Mjapani mara kadhaa, akiigusa hapa na pale. Halafu akasema, akitazama pembeni, kwamba fundi anayetengeneza kitu cha kufungwa nyuma ya chombo anapaswa kukijua chombo chenyewe.

"Unataka kuendesha, baba?" aliuliza shangazi.

"Nataka kukijua."

Tulimpeleka kwenye shamba letu lililo tupu. Shangazi alimwonyesha gia ya kwanza, akamwonyesha mafuta na breki, akakimbia kando yake akishika kiti mpaka aliposhindwa kukimbia. Mzee akaenda peke yake. Alizunguka shamba taratibu, mgongo umenyooka, kofia imesogea nyuma. Alipotupita shangazi alimwita, "Breki, baba!" Hakutazama. Akazunguka tena. Vumbi lilikuwa limenyanyuka na jua la jioni liko ndani yake, na ndani ya vumbi hilo la dhahabu mzee alipita na kupotea, akapita tena, uso wake umetulia kama wa mtoto anayebebwa. Mara kofia ikaanguka. Mara koti likajaa upepo. Sikujua kama alikuwa amesahau namna ya kusimama au hakutaka.

Mwishowe aliingia kwenye rundo la mabua, akazama humo polepole, na injini ikazima yenyewe. Tulikimbia. Tulimkuta amelala chali juu ya mabua, mikono imetanuka, anatazama mbingu.

"Umeumia, baba?" shangazi aliuliza, akipiga magoti.

"Sijaumia, mayu. Niache kidogo."

Shangazi alinitazama, akaketi kwenye mabua upande mmoja wa mzee, nami nikaketi upande mwingine. Ng'ombe walikuwa wanarudi nyumbani, kengele zao zinasikika mbali, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinuka.