Mboga Aliyoniletea Mama Mkwe

Jumanne moja ya mwezi wa tano, mwaka jana, mume wangu alifariki hapa Eldoret. Tulimzika kwao Kakamega Jumamosi iliyofuata. Asubuhi ya mazishi walichinja fahali ambaye yeye mwenyewe alimnunua akiwa ndama. Nilikuwa nimeketi kando ya jeneza, harufu ya nyama inayochemka ikaingia mpaka tulipokuwa. Nje mtu akasema, "Mzee ametuachia nyama laini." Hakusema kwa ubaya.

Tangu siku hiyo nyama hainipiti kooni. Sijawahi kuwa mtu wa kuhurumia wanyama. Hapa mtaani Langas nilikuwa nikila mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, barabarani nikiwa nimesimama. Lakini sasa nikiweka kipande mdomoni, naisikia ile sauti. Jirani yangu Mkalenjin alidhani ni masharti ya kanisa langu. Mimi nami, miaka yote, nilidhani anapenda mursik, maziwa yao ya kugandisha, kwa kuwa hajui maziwa matamu. Huwa tunaona mwenzetu anakula vile kwa kutojua, na sisi tunakula hivi kwa sababu hicho ndicho chakula.

Mwezi wa nane mama mkwe alikuja kunitembelea, kuku hai kwapani. Niliogopa. Kwao, ukimkataa kuku uliyechinjiwa umemkataa aliyechinja. Na mimi, mtu wa Nyandarua, tena ambaye sikumzalia mwanawe mtoto, sikuwa na kitu kingine cha kunifanya niendelee kuwa mtu wao. Kabla hajashika kisu nikamwambia:

"Mama, usijisumbue. Siku hizi nakula mboga tu."

"Vizuri sana," akasema. Akamkanyaga kuku mabawa, akachinja.

Nilidhani hakunisikia. Nikajipikia sukuma wiki kando. Alipopakua, aliniwekea paja juu ya ugali.

"Mama, si nilisema nakula mboga?"

"Na hii ni nini? Mawe?"

"Ni kuku."

"Kuku si mboga? Sasa ugali itateremka na nini?"

Ndipo nikakumbuka kwamba kwao chochote cha kulia ugali ni mboga, iwe nyama, samaki au omena. Kwetu mboga ni majani. Sikuwa na pa kujificha. Nikamweleza yote, fahali na yule mtu wa nje.

"Mimi nilikula ile nyama," akasema. "Nilikuwa na njaa, na ilikuwa tamu. Nikalia, halafu nikaongeza. Wewe unaniona mbaya?"

"Hapana, Mama."

"Basi na mimi sikuoni mbaya. Leta hiyo paja kabla ipoe."

Alikula langu na lake, akafyonza na mifupa. Kisha akavuta sahani yangu ya sukuma, akaonja, akasema haina chumvi. Nikampa chumvi.