Vidonge Nilivyoviruka

Mimba yangu ya pili ilikuwa ya miezi sita nilipoambiwa nina sukari. Daktari wa kliniki kule Changamwe aliniandikia vidonge, kimoja asubuhi na kimoja jioni, pamoja na chakula. Alinieleza kwamba waja wazito wengi hupewa, kwamba dawa humfikia mtoto tumboni lakini hadi sasa haijaonekana kumdhuru, na isiposhusha sukari tutatumia sindano. Nilimwelewa vizuri. Laiti ningeishia kumsikiliza yeye peke yake.

Nilipitia duka la dawa. Muuzaji aliitazama karatasi, akalitazama tumbo. "Dada, hizi na mimba? Mimi siuzi, usinitie matatani." Nikamwonyesha sahihi ya daktari. Akasema daktari naye ni binadamu. Duka la pili mambo yakawa yale yale. La tatu niliingia nimevaa dera pana, mkoba nimeukumbatia mbele ya tumbo, nikasema dawa ni ya mama mkwe. Nikauziwa bila swali. Hebu fikiria, naficha mimba ili ninunue dawa niliyoandikiwa kwa sababu ya mimba! Nilirudi nyumbani nimefura kwa hasira.

Nyumbani alikuwapo mavyaa wangu, mamake mume wangu, aliyetoka Kaloleni kuja kunisaidia. Yeye mwenyewe ana sukari na humeza vidonge. "Mwanangu," akaniambia, "mimi nameza kwa kuwa nshamaliza kuzaa. Huyo aliye ndani hajaanza hata kupumua." Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza. Angenifokea ningemjibu. Jirani naye akaleta habari za binamu yake wa Bamburi aliyemeza, eti mtoto akazaliwa hana kucha. Binamu huyo sikuwahi kumwona. Wahenga walisema penye wazee hapaharibiki neno, lakini hawakupanga nyumba kwenye ploti yetu.

Nikajitungia dawa yangu mwenyewe. Kidonge cha asubuhi nilimeza, cha jioni nikatupa chooni. Nilijiambia nusu ya dawa ni nusu ya hatari. Asubuhi ambazo mavyaa alikaa nami mezani, hata hicho kimoja nilikiruka. Ila kidole nilikichoma kila siku kama nilivyofundishwa, na namba za sukari niliziandika daftarini bila kudanganya. Zilipanda tu.

Baada ya wiki tatu daktari alilifungua daftari, akalipima tumbo kwa utepe, akakunja uso. Mtoto alikuwa anazidi ukubwa wa umri wake.

"Vidonge unavimeza vyote?"

"Ndiyo, daktari."

"Basi vimeshindwa," akasema, akaandika hivyo kwenye faili langu. Nikaanzishiwa sindano siku ile ile.

Sindano hakuna aliyezipinga. Mavyaa alijifunza kunidunga kabla sijajifunza mwenyewe, na jirani akanipongeza kwa ujasiri. Nilitamani kuwapigia kelele wote wawili. Nilikuwa nimewakasirikia watu wengi mno hata zamu ya kujikasirikia mwenyewe ikachelewa kufika. Ilifika mtoto alipozaliwa kwa upasuaji, mkubwa, sukari yake imeshuka vibaya, akalazwa siku mbili kwenye chumba cha watoto wachanga kabla sijampakata. Leo ni mzima na anakwenda shule. Hata hivyo siku zile mbili sijazisamehe.

Mwaka huu mdogo wangu, anayekaa Ziwa la Ng'ombe, amepata mimba na sukari kama mimi. Ameandikiwa vidonge vile vile. Alinipigia simu mchana mmoja.

"Dada, huku kila mtu ana lake. Wewe ndiwe uliyevitumia. Hebu niambie, vinafaa? Havimdhuru mtoto?"

Ikabidi nimwambie nisilowahi kumwambia hata mume wangu, kwamba sijui, kwa sababu sikuvimeza kama nilivyoandikiwa.