Mbwa Aliyeitwa Acha

Mayige alipoleta kile kitoto cha mbwa alikiita Acha. Watu wa Mwamapalala walikuwa wameisema sana nyumba yake, naye akawajibu kwa jina la mbwa: acha waseme. Kisha Mayige akafa. Mbwa akabaki, akarefuka miguu, akili ikachelewa njiani.

Minza, mjane wake, hakulia sana. Alifagia, akasonga ugali wa mtu mmoja, akaketi. Mbwa akabeba katambuga la marehemu, kiatu cha tairi, akatokomea nalo kwenye mtama.

"Acha!"

Akarudi mbio, mkia juu, katambuga mdomoni, akamzunguka, akaondoka tena. Hata hasira haikumjia Minza. Alitazama tu.

Lakini vifaranga vya jirani yake Bujiku vilipoliwa, Bujiku alikuja na mkuki.

"Mayu, mama yangu, akirudi kwa kuku wangu, utakuja kumchukua kwa toroli."

"Huyo mbwa wa Mayige."

"Hata Mayige ningemwambia hivyohivyo."

Tumsifu, bwana mifugo aliyehamishiwa huku kutoka Moshi, akapita kuchanja mbwa.

"Huyu anabalehe, mama. Alichokijua anajifanya kasahau, anakupima. Ukimkimbiza anaona mnacheza."

Papo hapo mbwa akang'ata pindo la kitenge cha Minza.

"Acha! Acha!"

Tumsifu akacheka. "Sasa hapo unamkataza au unamwita? Mbadilishie jina."

"Jina la marehemu libadilishwe na nani? Chanja uende zako, baba."

Mle nyumbani Kisukuma kilikuwa cha watu na ng'ombe. Mbwa waliambiwa Kiswahili, maana Mayige aliwahi kuwa mlinzi wa ginari ya pamba, na huko mbwa waliamrishwa kwa Kiswahili. Jioni ile Minza akavunja desturi. "Leka," akamwambia, yaani acha kwa Kisukuma. Akiachia kiatu, anatupiwa tonge. Akikaidi, anageuziwa mgongo. Ikawa hivyo mpaka mtama ukavunwa.

Asubuhi moja kuku wa Bujiku wakavuka mpaka. Mbwa akachomoka. Bujiku akainua mkuki.

"Leka!"

Ndilo neno Minza alilokuwa akimwambia mumewe, Mayige alipomvuta kitenge jikoni. Mbwa akasimama, mguu mmoja hewani, akageuka kumtazama.

Bujiku akateremsha mkuki. "Umemwambia nini, mayu?"

"Muulize yeye."

Minza akaingia jikoni. Akasonga uleule ugali wa mtu mmoja, akaumega katikati, nusu akamwekea mbwa.