Chakula cha Hoteli ya Mlimani

Jana ofisini mtu alifungua boksi la stroberi, nikatoka nje. Ile harufu bado siivumilii.

Nilikuwa na miaka minane. Mama alibeba beseni la stroberi kichwani hadi hoteli ya mlimani, wanakokuja kula Wazungu na matajiri wa Dar es Salaam. Aliniahidi kwamba tukishauza, na sisi tutakula pale pale, mezani, chipsi kwa kuku. Nilivaa gauni langu la Idi.

Tulipomaliza kuuza tukapanda barazani. Meza zilikuwa tupu, zimetandikwa vitambaa vyeupe. Mama alijifuta miguu kwa khanga, akakaa. Mhudumu aliyetujia alikuwa mjomba wangu, mdogo wake mama wa tumbo moja.

"Dada, hapa wanakaa wageni," alinong'ona. "Zungukeni jikoni."

"Kwani sisi leo ni nani? Tumekuja kula."

"Utanifukuzisha kazi, dada. Mtoto mwenyewe ana matope."

Nilitazama miguu yangu. Mpaka leo naamini kwamba ningeiosha vizuri, tungekula.

Mama akanyanyua beseni, tukashuka mlima na njaa yetu.

Jumapili mjomba alikuja kwetu. Kwa sisi Waluguru mjomba ana sauti kuliko baba, kwa hiyo mama alichinja kuku, akamwekea firigisi. Mama akanifinya sikio.

"Huna adabu? Msalimie mjomba wako."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," akaitikia, huku anatafuna.