Sura ya Mwisho Iliyofungia Omena

Hivi karibuni nimemaliza vitabu vitatu. Cha nne walikimaliza wateja wa mama.

Cha kwanza kilikuwa cha kunifundisha utajiri. Mwandishi huamka alfajiri, akanywa maji ya ndimu, akatafakari kando ya bwawa lake la kuogelea. Nilijaribu. Kule mtaani Kongo, Kawangware, ninakopanga, alfajiri mfereji bado mkavu, na landilodi wetu, ambaye hajafungua kitabu tangu shuleni, hulala mpaka saa tatu na bado anaongeza ghorofa. Cha pili kilithibitisha kuwapo kwa Mungu kwa hoja saba. Nilikubali mbili, kwa uchovu. Cha tatu kilikuwa cha mapenzi: wawili wanatazamana kurasa mia mbili kabla ya kuambiana neno. Ni wazi hawakuishi ploti yenye choo kimoja.

Vyote niliviacha kibandani kwa mama, Kisumu Ndogo, anakouza omena wa kukaanga. Siku hizi magazeti ni adimu. Watu husoma habari kwenye simu, na simu haifungi omena. Mama huchana vitabu kuanzia nyuma. Jalada la mbele lina picha, anasema, linapendezesha meza.

Cha nne kilikuwa cha upelelezi. Mume amefia mezani, supu ina sumu, mke yuko kortini. Nilikuwa nimebakiza sura ya mwisho nilipokiweka kando ya karai ili nimchotee mama maji. Niliporudi, hukumu ilikuwa imeshauzwa.

"Mama! Hicho nilikuwa bado nasoma!"

"Kitabu kiko kwa meza yangu, kimeshika mafuta yangu, halafu ni chako?"

"Nani amechukua mwisho?"

"Yule mama wa kufua, wa Kambi Muru. Yule shemeji zake walimfukuza baada ya mazishi ya bwana yake. Kimbia, labda hajamaliza kula."

Nilikimbia, mimi na digrii yangu ya falsafa, kufuata karatasi ya samaki. Nilimkuta mlangoni akipuliza jiko, watoto wake wawili wakilamba vidole.

"Sasa, Aunty. Naomba ile karatasi ya omena."

"Omena wameisha, unataka kulamba karatasi? Ndiyo mlifundishwa chuo kikuu?"

"Nataka kujua kama mke ndiye alitia sumu."

Akaacha kupuliza. "Hakutia. Nilisoma nikitembea. Ni shemeji."

"Nionyeshe."

"Nimewashia jiko. Imeshika vizuri, ilikuwa na mafuta."

"Shemeji alitaka nini?"

"Shamba," akajibu kabla sijafunga mdomo. "Korti ikamwachilia mama wa watu. Akarudi kwake na watoto wake, na hakuna aliyethubutu kumwita mchawi tena."

Katika kitabu kile mke hakuwa na mtoto. Waliishi kwenye fleti, na shamba halikutajwa hata mara moja. Shemeji mwenyewe alikuwa amekufa sura ya pili.

Mimi hubishana na wahubiri, na makondakta, na kibandiko cha bei. Swali langu lilikuwa tayari ulimini. Yeye alikuwa ananitazama, akingoja niulize.

"Afadhali," nikasema. "Nilikuwa nikimwonea huruma."

"Hata mimi," akasema, akarudi kwa jiko lake.

Kibandani mama alikuwa ameanza kuchana kitabu cha utajiri.

"Haya, msomi. Nani alimuua?"

"Shemeji."

"Si ndiyo," akasema, akimfungia mteja omena. "Kwani angekuwa nani?"